Chatu wawili ndani ya ramani moja

Najua nimepotea. Wiki mbili na ushee sijaandika neno, mpaka mshikaji mmoja kanitumia ujumbe: "Vipi, umedisko nini?" Sijadisko jamani, nipo. Bumu limeshakata, wali maharage ndio rafiki yangu wa karibu, lakini nipo. Kilichonimeza ni mradi wa mwaka wa mwisho, na ndani ya mradi huo kilichonimeza ni kitu kidogo kabisa: kuweka toleo jipya la lugha ya Python kwenye programu ya ramani.

Msikimbie! Najua wengine mnasoma sheria, wengine ualimu, na mkisikia Python mnafikiria chatu wa Serengeti. Vumilieni. Leo sitoi somo la kompyuta, natoa somo la historia. Maana nilipokwama nilitafuta majibu ya haraka, nikayapata, nikayafuata, nikaharibu zaidi. Siku ya tano nikakaa kimbwetani nikajiuliza swali jingine kabisa: hivi imekuwaje mpaka ikawa hivi? Hapo ndipo fundo lilipoanza kulegea. Na mwisho wa habari hii kuna watu 210 waliopotea, kwa hiyo msiondoke kabla hatujawafikia.

Desa la kaka

Mradi wangu unahusu nyumba zilizo kando ya mito hapa Dar es Salaam. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto. Ndiyo ile "mita sitini" ambayo sote tunaisikia kila masika Msimbazi unapofurika. Kazi yangu inaonekana rahisi: chora ukanda wa mita 60 kila upande wa mto, hesabu nyumba zilizoangukia ndani, halafu kadiria ni watu wangapi wanalala kwenye nyumba hizo. Mtaa kwa mtaa.

Sasa utaratibu wa chuo mnaujua. Hakuna anayeanzia sifuri. Yupo kaka mmoja aliyetutangulia miaka kadhaa, alifanya mradi unaofanana na huu, na skripti yake imebaki kwenye flashi inayorithiwa kama cheni ya ukoo. Kila anayeipata anaambiwa maneno yaleyale: "Usiguse kitu, badilisha jina la faili tu." Desa safi kabisa, kaka alikuwa kichwa.

Tatizo ni kwamba kaka aliiandika kwenye QGIS 2.18, ambayo ndani yake kuna Python 2.7. Laptopu yangu ina QGIS ya kizazi cha tatu, yenye Python 3. Nikabonyeza, ikagoma kwenye mstari wa kwanza kabisa, eti neno "print" halina mabano. Nikaweka mabano. Ikagoma mstari wa saba. Nikarekebisha. Ikagoma wa kumi na moja. Saa nane usiku mwenzangu wa chumbani akaniomba nizime taa.

Ramani ilivyoingia kwenye mashine

Hebu turudi nyuma, tena nyuma sana, na mtashangaa tunakoanzia. Tunaanzia jirani hapa, Kenya.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kampuni moja ya Ottawa, Canada, inayoitwa Spartan Air Services, ilikuwa na kazi ya kutafuta maeneo ya Kenya yanayofaa kupandwa miti kwa ajili ya kiwanda cha karatasi. Mfanyakazi wao mmoja, Roger Tomlinson, mzaliwa wa Uingereza, ndiye aliyekabidhiwa hesabu. Kazi yenyewe ilikuwa ya kupandanisha ramani: hii ya udongo, hii ya mteremko, hii ya mvua, hii ya barabara, halafu unatazama wapi mambo yote yanakutana. Kwa mkono, kwa karatasi zinazopitisha mwanga, gharama ilikuwa kubwa mno na mpango haukuweza kufanyika hivyo. Tomlinson akabaki na wazo kichwani: kwa nini kompyuta isipandanishe?

Serikali ya Canada, iliyokuwa na nchi nzima ya kupima, ndiyo iliyompa nafasi. Kuanzia mwaka 1963 ukajengwa Mfumo wa Taarifa za Kijiografia wa Canada, na ndiyo maana mpaka leo mzee huyo, aliyefariki mwaka 2014, anaitwa baba wa GIS. Kwa hiyo ukimsikia mtu anasema GIS ni mambo ya wenzetu, mwambie swali lenyewe lilitokea kwenye ardhi ya Afrika Mashariki. Jibu ndilo lililopelekwa kujengwa mbali.

Kutoka hapo programu za ramani zikazaliwa moja baada ya nyingine. Mwaka 1969 Jack na Laura Dangermond walianzisha Esri kule Redlands, California, na mwaka 1982 wakatoa ARC/INFO. Mwaka huohuo wa 1982 maabara ya jeshi la Marekani kule Illinois ilianza kujenga GRASS. Na kila programu ilikuja na lugha yake ya kuiamrisha. ARC/INFO ilikuwa na AML. Ndugu yake ArcView ikawa na Avenue. Ukiijua Avenue ulikuwa mfalme, lakini ufalme wako uliishia palepale kwenye ArcView. ArcView ya zamani ilipostaafu, Avenue ikazikwa nayo, na wote walioisomea wakabaki na ujuzi wa lugha ambayo hakuna wa kuzungumza naye.

Shikeni jambo hili: tatizo la skripti ya zamani isiyokubali mashine mpya halikuanza na mimi wala na kaka. Ni la umri mmoja na fani yenyewe.

Mgeni kutoka Amsterdam

Desemba 1989, kule Amsterdam, kijana wa Kiholanzi Guido van Rossum alikuwa anafanya kazi katika kituo cha utafiti cha hisabati na kompyuta kinachoitwa CWI. Krismasi inakuja, ofisi itafungwa, nyumbani ana kompyuta, na hataki kukaa bure. Akaanza kutunga lugha. Jina hakulitoa kwa chatu hata kidogo, alilitoa kwa kundi la wachekeshaji wa televisheni ya Uingereza, Monty Python. Februari 1991 akaitoa watu waitumie.

Sifa yake kubwa ilikuwa kusomeka. Mtu ambaye si mwanakompyuta, tuseme mpima ardhi au mtu wa misitu, aliweza kuisoma akaelewa kinachoendelea. Na ilikuwa na tabia ya gundi: inaunganisha programu mbili ambazo hazijuani zikafanya kazi pamoja. Watu wa ramani walihitaji hayo mawili, kwa sababu data zao siku zote zinatoka sehemu kumi tofauti.

Mwaka 2004 Esri wakatoa ArcGIS 9.0, na kwa mara ya kwanza uliweza kuamrisha zana zake za uchambuzi kwa Python. Mwaka 2010, kwenye ArcGIS 10, ikaja ArcPy, na hapo ndoa ikawa rasmi.

Upande wa pili kulikuwa na QGIS. Gary Sherman aliianza mwaka 2002 akiwa Alaska, akitafuta tu programu ya kutazama data za ramani kwenye Linux. Haikuwa na bei, na hata leo haina, ndiyo maana sisi wa bumu tunaipenda. Mwaka 2007 toleo la 0.9 likafungua mlango kwa Python. Baada ya hapo mtu yeyote mahali popote aliweza kuandika plagini yake na kuwagawia wenzake. QGIS ikakua kwa mikono ya watu wasiofahamiana.

Mpaka hapo mambo mazuri. Lugha moja, programu zote. Ule ugonjwa wa Avenue ulionekana umepona.

Chatu anajivua gamba

Tarehe 3 Desemba 2008 ikatoka Python 3.0. Na hapa ndipo wengi wanapokosea wakidhani ilikuwa nyongeza ya kawaida, kama vile kutoka simu hii kwenda ile. Hapana. Van Rossum na wenzake waliamua kwa makusudi kuvunja mambo. Walisema lugha ina makosa ya utotoni, na tusipoyaondoa sasa tutaishi nayo milele. Kwa hiyo skripti ya Python 2 haikuhakikishiwa kufanya kazi kwenye Python 3, na walilitangaza hilo wazi.

Nitataja makosa matatu tu, yale yaliyonigusa.

La kwanza ni lile la "print" na mabano. Linaudhi, lakini ni la uungwana. Ukikosea linapiga kelele palepale.

La pili ni maandishi. Python 2 ilizaliwa na mazoea ya herufi za Kiingereza tupu. Utasema Kiswahili hakina shida, maana hatuna vikofia wala nukta juu ya herufi. Haya, andika Chang'ombe. Kama kile kitone cha ng' umekichapa kwenye programu ya kuandikia barua, mara nyingi programu inakipinda na kukigeuza kuwa alama nyingine, na alama hiyo haimo kwenye zile herufi za Kiingereza. Skripti ya Python 2 ilipita mitaa yote ya Temeke salama, ikifika Chang'ombe inaanguka chali. Kwenye faili la kaka nimekuta ameandika "Changombe" bila kitone, nikacheka peke yangu. Sasa nimeelewa kwa nini. Python 3 ilikubali tangu mwanzo kwamba maandishi ni ya lugha zote za dunia.

La tatu ni kugawanya. Kwenye Python 2, ukichukua namba nzima ukaigawa kwa namba nzima, unapewa namba nzima, na kinachobaki kinatupwa. Saba gawanya kwa mbili ni tatu. Ile nusu inakwenda zake. Python 3 inajibu tatu na nusu kama alivyotufundisha mwalimu wa darasa la nne, na ukitaka ile ya zamani unaandika mistari miwili ya mkwaju badala ya mmoja.

Hili la tatu halipigi kelele. Likumbukeni.

Miaka kumi ya kusubiri

Sasa swali langu lilikuwa hili: kama Python 3 ilitoka 2008, kwa nini kaka yetu aliyesoma miaka mingi baadaye aliandika kwa Python 2? Alikuwa mvivu?

Hakuwa mvivu hata kidogo. Programu ya ramani ni kama nyumba ya kupanga yenye familia nyingi. QGIS imekaa juu ya Qt, inayochora vitufe na madirisha. Kuna GDAL, iliyoanzishwa na Frank Warmerdam mwaka 1998, inayosoma mafaili ya ramani ya kila aina. Kuna NumPy ya mahesabu. Wote hao wanaongea na Python, na kila mmoja amejengwa kwa ajili ya toleo maalumu. Huwezi kumhamisha mmoja. Ama wahame wote, ama asihame mtu.

Kwa hiyo kila familia ikawa inamwangalia jirani: wewe umeshahama? Python 2.7 ilikuwa imetoka mwaka 2010 kama ya mwisho ya kizazi chake, na ilipangiwa kustaafu 2015. Mwaka 2014 wakaona watu wengi bado wamo, wakasogeza tarehe mpaka 2020.

Esri walijenga nyumba mpya pembeni. Januari 2015 wakatoa ArcGIS Pro ikiwa na Python 3, huku ArcMap ya zamani ikibaki na 2.7 mpaka mwisho wake. QGIS walibomoa na kujenga upya palepale. Februari 2018 ikatoka QGIS 3.0, iliyopewa jina la mji wa Girona, na kwa mkupuo mmoja ikabadilisha Python, ikabadilisha Qt kutoka ya nne kwenda ya tano, na ikabadilisha majina ya amri zake nyingi za ndani. Plagini zisizo na mtu wa kuzifanyia ukarabati zikabaki ng'ambo ya pili ya mto. GRASS nayo ikafika kwenye Python 3 mwaka 2019 na toleo la 7.8. Januari 1, 2020, Python 2 ikafungiwa rasmi, na Aprili mwaka huo ikatoka 2.7.18, ile ya kuagana.

Sasa weka Dar es Salaam kwenye kalenda hiyo. Mradi wa Ramani Huria ulianza hapa mwaka 2015, wanafunzi wa vyuo wakishirikiana na wakazi wa mitaa kuchora nyumba, mitaro na njia za maji kwenye OpenStreetMap, kwa sababu ya mafuriko hayahaya. Kizazi kizima cha wachora ramani wa jiji hili kilijifunza miaka ile, mikono ikiwa kwenye QGIS ya pili na Python ya pili. Desa tunazorithi ni za wakati huo. Kaka aliandika kwa lugha iliyokuwepo, kwenye programu iliyokuwepo. Kama kuna aliyechelewa, ni nyumba nzima.

Jinsi nilivyojiangusha

Kabla sijajua yote hayo, nilifanya yafuatayo. Nacheka sasa, siku ile sikucheka.

Natumia Ubuntu. Nikasoma mahali kwamba dawa ni kuweka Python mpya kabisa. Nikaweka. Halafu nikaenda kwenye kile kiungo cha mfumo kinachosema "Python 3 ni hii hapa" nikakigeuza kielekee kwenye ile mpya. Nikafunga teminali kwa ushujaa. Nilipotaka kuifungua tena, ikagoma. Kabisa! Kumbe teminali ya Ubuntu yenyewe inafunguliwa kwa skripti ya Python, na programu ya kuongeza programu nayo inategemea Python ileile iliyokuja na mfumo. Nilikuwa nimekata tawi nililokalia.

Nikarudisha kiungo kwa kupitia dirisha jingine lisilo na picha, jasho linanitoka. Hapo ungedhani nimejifunza. Wapi! Nikaweka agizo la kudumu, PYTHONPATH, kwamba maktaba zote zitafutwe kwenye folda ya Python mpya. Nikafungua QGIS. Ikafunguka, ila ikasema haiwezi kupakia Python. Menyu yote ya uchakataji haipo, plagini hazipo. QGIS ilikuwa inafuata agizo langu, inakwenda kwenye maktaba zilizojengwa kwa toleo jingine, inazikuta hazimtoshi.

Baada ya kusoma historia ndipo nikaelewa kwamba Python ya programu ya ramani si mgeni unayeweza kumbadilisha. Iko tumboni. Imejengwa pamoja na Qt, GDAL na wengine wote. Ukitaka kuibadilisha, unabadilisha mwili mzima.

Kwa hiyo, kwa mnaokuja nyuma yangu, utaratibu ni huu:

Kwanza, uliza programu yenyewe ina Python gani. Kwenye QGIS fungua konsoli ya Python iliyomo ndani, andika import sys, halafu print(sys.version). Jibu hilo ndilo la kuamini, usiamini teminali.

Pili, usiguse Python ya mfumo, na futa PYTHONPATH yoyote uliyoiweka kwa mkono. Ukihitaji maktaba za ziada kwenye Linux, tengeneza mazingira ya pembeni kwa Python ileile ya QGIS: python3 -m venv --system-site-packages mradi. Hapo unaongeza vyako bila kugusa vya mwenye nyumba, na QGIS bado unaiona.

Tatu, wa Windows tumieni ile teminali ya OSGeo4W inayokuja na QGIS, siyo Python mliyoiweka wenyewe. Wa ArcGIS Pro, msiguse mazingira yake ya asili, tengenezeni nakala ndipo muongeze.

Nne, ukitaka Python mpya kuliko ile ya QGIS yako, chukua QGIS nzima iliyojengwa na Python hiyo. Conda inaweza kukuwekea zote mbili kwenye chumba chao wenyewe.

Na msidhani mambo yameisha na namba 3. Siku hizi toleo jipya la Python hutoka kila Oktoba. Lile la 3.12, Oktoba 2023, liliondoa sehemu ya zamani inayoitwa distutils, na plagini zilizokuwa zinaiegemea zikaanguka. Mto bado unakwenda.

Watu 210

Tumefika. Skripti ya kaka hatimaye ikakimbia kwenye Python 3. Kuna zana inayoitwa 2to3, inasoma skripti ya zamani na kurekebisha mabano na majina, mimi nikamalizia amri za QGIS kwa mkono. Nikalala na furaha.

Asubuhi nikalinganisha. Kwenye maabara kuna mashine moja ya zamani bado ina QGIS 2.18, nikaendesha skripti ya asili kwa data zilezile. Namba hazifanani! Nyumba ziko sawa, mita 60 ziko sawa, lakini watu hawalingani. Kila mtaa, skripti mpya inatoa watu wengi zaidi.

Mimi nikaamini nimeharibu. Ya kaka ilishapita kwa wasimamizi, ina alama A, imetumiwa na watu wanne baada yake. Yangu ina siku moja. Nikataka kabisa kuandika namba za zamani nisonge mbele.

Nikaenda kwa msimamizi wangu. "Shikamoo Dokta." "Marahaba, karibu. Mbona uso umekunjamana?" Nikamweleza. Hakufungua laptopu yangu. Alinisogezea karatasi na kalamu. "Chukua mtaa wowote wa kufikirika, piga kwa mkono."

Haya, pigeni nami. Mtaa una watu 5,640 na nyumba 1,200. Wastani ni watu 4.7 kwa nyumba. Nyumba zilizo ndani ya mita 60 ni 300. Zidisha: watu 1,410.

Sasa pigeni kama Python 2. Watu 5,640 gawanya kwa nyumba 1,200. Namba nzima kwa namba nzima. Jibu: 4. Zidisha kwa 300: watu 1,200.

Watu 210 hawapo. Hawajahama wala hawajafa, wamekaa kwenye ile sehemu ya saba ya kumi iliyotupwa. Na kosa hili halipindi huku na huku likajisawazisha. Kwa hesabu za namna hii linapunguza tu, kila mtaa, kila mara. Zana ya 2to3 haikuligusa pia, kwa sababu haiwezi kujua kama mwandishi alitaka kutupa kilichobaki au hakujua kwamba kinatupwa.

Kinachouma zaidi ni kwamba dawa ilikuwepo tangu 2001. Kwenye Python 2.2 uliwekwa mstari mmoja wa kuandika juu ya skripti, from __future__ import division, na mgawanyo ukawa sahihi. Mstari mmoja! Ila kwenye desa haukuwepo, na sisi tuliambiwa tusiguse kitu.

Jioni nikampigia kaka. Yuko kazini mkoani sasa. "Dogo, vipi chuo?" Nikamweleza taratibu, nikaogopa ataona namvunjia heshima. Akanyamaza muda mrefu mpaka nikadhani salio limeisha. Kisha akasema, "Hiyo skripti bado naitumia huku."

Nikakosa la kusema.

"Nitumie huo mstari," akasema. "Na nitafutie orodha ya waliochukua flashi."

Orodha tumeianza, tumefika watu saba. Kama na wewe unasoma hapa na uliwahi kupewa desa hilo, tafadhali fungua, tafuta mahali watu wanagawanywa kwa nyumba, upige kwa mkono mtaa mmoja tu. Kisha nitafute.

Nilianza wiki hii nikidhani toleo jipya ndilo adui, linatuvurugia kazi zilizokuwa salama. Kumbe nusu ya zile kelele zake zilikuwa zinanionyesha mahali palipooza siku nyingi. Ile flashi nimeirudisha kwa wadogo wa mwaka wa tatu. Nimeongeza faili moja juu kabisa, lenye sentensi moja: "Gusa kila kitu."

Basi wandugu, naishia hapa, kesho nina testi na msuli sijaupiga kabisa. Niombeeni. Wasalaam.